Mstari wa Miezi Kumi

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
2 Julai 2022

Dada Jovitha,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako Stella anakusalimu, na Evelyn anasema nikuandikie kwamba jana alikula mtori na hakumwaga.

Tulimpeleka Uru, kule Moshi, kuiona ile nyumba ya masista wanaotunza watu kama yeye. Unamjua mdogo wetu, kumvusha Barabara ya Msimbazi tu ni ugomvi, nikajua getini ataangua kilio. Wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la sungura, akakaa chini na sketi yake ya kanisani, akalia tulipotaka kuondoka. Mama mlezi amesema imebaki nafasi moja, atatushikia hadi katikati ya Januari. Ukishalipa kiingilio, mtu anakaa maisha yake yote, kifafa chake kinaangaliwa, na siku ikifika masista wanamzika. Sikujua kama neno "wanamzika" linaweza kumpa mtu usingizi mzuri.

Mimi na Stella umri haurudi nyuma. Sukari yangu unaijua, na nyumbani Mchafukoge tuko ghorofa ya nne, lifti ilishakufa. Siku nikianguka mimi, akianguka Evelyn atamshika nani?

Kwa hiyo tuzungumze hisa. Baba alimwachia Evelyn zile hisa za Mwambao Mavazi, akaagiza zisiuzwe mpaka tusaini mimi na wewe. Mwisho wa Juni bei ilikuwa shilingi 460. Lucky, kijana wa ofisi ya dalali wa hisa pale Posta, kanipigia hesabu: ikifika 500 kiingilio kinatimia chote. Mimi naona tuuze sasa, pengo nikope. Lakini najua hutakubali bila hesabu, basi bei za kila mwisho wa mwezi tangu Septemba nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako,
Gaudens


Monasterini
16 Julai 2022

Mpendwa Gaudens,

Milele amina, na marahaba. Barua tunapewa Jumamosi, na yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya sungura.

Usikope. Mwaka ule uliokopa kwa sababu ya pengo dogo, ulitukimbia hadi Krismasi.

Nimezijumlisha bei zako kumi, nikapata 4,300. Gawanya kwa kumi: wastani ni 430. Bei ya leo ni 460, iko juu ya wastani, maana yake kampuni bado inapanda. Kanuni ni ileile niliyomfundisha Baba. Kila mwisho wa mwezi ongeza bei mpya, toa ya zamani kuliko zote, gawanya tena. Bei ikibaki juu ya mstari, tulia. Ikishuka chini ya mstari, uza siku hiyohiyo wala usiulize sababu. Bei ya siku moja ni mtu anayepiga kelele sokoni, na miezi kumi ni mtu huyohuyo ukimkuta nyumbani kwake. Baba alinicheka kwamba napima nguo kwa rula, lakini zile hisa zake za kwanza aliziuza kwa kanuni hii, na wenzake waliobaki walilia.

Mimi nilifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuingia huku. Siwezi kumwogesha Evelyn wala kumshika akianguka. Niachie hili moja nimfanyie. Haraka haraka haina baraka.

Niletee bei kila mwisho wa mwezi.

Dada yako katika Kristo,
Sr. Jovitha


Kariakoo
1 Septemba 2022

Dada,

Shikamoo. Julai 470, Agosti 480. Nimekunyamazia mwezi mzima, lakini ona, nimetulia kama ulivyoagiza. Stella anashangaa.

Karani wa Sensa alikuja. Akaniuliza huyu dada ni mkazi wa kaya hii? Kabla sijafungua mdomo Evelyn akamjibu, "Mimi ni wa Uru, hapa napita tu." Begi lake ameshalifunga tangu Jumapili. Tukilifungua, analifunga upya.

Huku sokoni ni hivyohivyo. Watu wa kiwanda cha Mwambao wamenishushia tena mashati ya drafti, mali kauli. Unakumbuka mambo yetu: unapokea mzigo kwa neno tu, unalipa ukishauza. Ya Mei yenyewe sijayamaliza. Stoo yangu imejaa hadi napita kwa upande kwenda chooni, na ya jirani yangu Fikirini hali kadhalika. Lakini ukiukataa mzigo leo, kesho gari linapita mlango wako bila kusimama, kwa hiyo unapokea na kusema asante. Wateja wa Zambia wanayashika, wanayapapasa, wanakwenda zao kwenye mtumba.

Sasa cha ajabu, Lucky anasema kampuni imetangaza mauzo yamepanda sana nusu ya mwaka, na ndiyo maana hisa zinagombewa. Labda mikoani yanauzika, mkosi ni wangu mwenyewe.

Gaudens


Monasterini
17 Septemba 2022

Mpendwa Gaudens,

Marahaba. Wastani wa Agosti ni 444, na bei ni 480. Niliifurahia hesabu hiyo hadi Mama Mkuu akaniuliza ninatabasamu nini wakati wa ukimya.

Kuhusu mashati yako, pole. Lakini Kariakoo siyo Tanzania nzima, mdogo wangu, ingawa ninyi mkiwa pale mnadhani jua huchomoza Mtaa wa Kongo. Wewe unaona stoo moja. Mstari unaona soko lote kwa miezi kumi. Vikipishana, naamini mstari.

Mwambie Evelyn asiweke nguo nzito chini kabisa ya begi. Uru Novemba kuna ukungu.

Sr. Jovitha


Kariakoo
2 Novemba 2022

Dada,

Shikamoo. Mwisho wa Septemba ilifika 490. Kumi tu zilibaki. Niliwaambia Stella na Evelyn tukae mkao wa kula. Mwisho wa Oktoba imerudi 470.

Najua hesabu utakayoipiga, lakini nisikilize na mimi niliyezeekea kwenye nguo. Tumbo langu linakataa. Wiki iliyopita wakala wa Mwambao alipita dukani. Miaka yote wakala akija anadai fedha, na sisi tunajificha. Huyu hakudai hata senti. Alinibembeleza nipokee mzigo mwingine, akasema hata nikiuweka tu barazani, mradi nisaini kwamba nimepokea. Fikirini alicheka, akasema kiwanda kimetugeuza ghala. Mimi sikucheka.

Nimeweka fomu ya kuuza humu ndani. Hutaki kuuza leo, sawa. Basi isaini tu, uniachie. Nitaiweka kabatini, na siku mstari wako utakapovunjika nitaikimbiza Posta kwa miguu yangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Dada, na tumbo lenyewe ni la Evelyn.

Gaudens


Monasterini
12 Novemba 2022

Mpendwa Gaudens,

Marahaba. Oktoba: wastani 457, bei 470. Bado iko juu.

Fomu nimeipokea, nimeiweka ndani ya Biblia yangu, sijaisaini. Usikasirike. Nakujua tangu unatambaa. Nikikupa saini yangu leo, utaiuza kabla ya chai ya saa nne, halafu utaniandikia kwamba tumbo ndilo lililokwenda Posta. Bei imeshuka mara moja. Kwa nini tumnyime Evelyn kiingilio kizima kwa sababu wakala mmoja alikuwa mpole?

Tusubiri mwisho wa Novemba. Ikiwa chini ya mstari, naapa nitasaini siku nitakayosoma barua yako.

Majilio yanaanza tarehe 27. Unakumbuka kwamba Majilio na Kwaresima barua zote hukaa kwenye droo ya Mama Mkuu, isipokuwa za msiba. Kwa hiyo ukiwa na neno la Krismasi liandike mapema.

Sr. Jovitha


Kariakoo
1 Desemba 2022

Dada,

Mstari umevunjika. Jana bei ilifungwa 415. Nimepiga hesabu mwenyewe kwa simu, nikamwita Stella arudie: wastani 455 na nusu. Tuko chini.

Lucky amepata mnunuzi wa hisa zote za Evelyn kwa 400. Atasubiri hadi tarehe 15, baada ya hapo hataki kusikia. Nimempigia mama mlezi wa Uru nikamweleza, na Mungu ambariki, amesema tuanze na hicho, kinachobaki tutamalizia kidogo kidogo.

Kwa hiyo chomoa ile fomu kwenye Biblia, saini, mpe dereva wa basi, nitampokea stendi mwenyewe.

Ndiyo, najua ni Majilio. Niliketi na kalenda na barua yako ya mwisho mbele yangu. Uliniambia tusubiri mwisho wa mwezi, na chini yake ukaniambia droo inafungwa tarehe 27, na sote wawili hatukuona. Nimeandika HARAKA kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu, pande zote mbili. Mama Mkuu ni binadamu, ataona.

Gaudens


Monasterini
26 Desemba 2022

Mpendwa Gaudens,

Noeli njema. Jana baada ya Misa droo ilifunguliwa. Bahasha yako niliiona kwanza kwa ajili ya wekundu wake. Nilisaini kabla sijafika mwisho wa ukurasa, na fomu ni hii hapa. Sista wa mlangoni ataipeleka basini sasa hivi.

Tarehe 15 imepita, lakini mnunuzi mmoja akiondoka atakuja mwingine. Hata kwa 380 mkubalie. Hata kwa 350. Nimeomba usiku kucha, na asubuhi nilikuwa na amani. Mwambie Evelyn sungura wanamsubiri.

Sr. Jovitha


Kariakoo
7 Januari 2023

Dada,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Fomu ilifika salama. Nimeirudisha ndani ya bahasha yake.

Tarehe 19 Desemba hisa za Mwambao zilisimamishwa sokoni. Haziuzwi wala hazinunuliwi. Bei ya mwisho ilikuwa 310, na hiyo 310 inaonekana tu pale, huwezi kuigusa. Kiwanda kimefungwa, na wanaokidai wako mbele ya Evelyn kwenye foleni. Lucky anasema wenye hisa huwa wa mwisho, na mara nyingi foleni inaisha kabla yao.

Unajua walikuwa wanauza nini, Dada? Kila mzigo wa mali kauli tuliosaini kupokea, waliuandika umeshauzwa. Yale mauzo yaliyopanda, yaliyopandisha bei, yaliyounyanyua mstari wako, ni mashati yangu. Yako stoo. Ni ya Fikirini pia, na ya mtaa mzima. Nilikuwa nayahesabu huku, nawe ukiyahesabu huko, tukidhani ni vitu viwili.

Usijilaumu hata kidogo kuhusu droo. Yule mnunuzi wa 400 alijitoa tarehe 2 Desemba, kesho yake tu baada ya kukuandikia. Hata ungesaini siku ileile isingesaidia. Kwa hiyo hakuna kilichopotea kwa ajili yako. Lala kwa amani.

Gaudens


Monasterini
21 Januari 2023

Mpendwa Gaudens,

Marahaba.

Sista Celina wa mlangoni aliniambia jana, tukichambua maharage, kwamba kaka yangu wa Dar ana sauti nzuri. Nikamuuliza ameisikia wapi. Akasema ulipiga simu tarehe 9 Desemba, ukaomba uzungumze na mimi, yeye akakuuliza kama kuna msiba.

Kama mnunuzi alijitoa tarehe 2, tarehe 9 ulikuwa unanitafutia nini?

Tangu utoto hujui kudanganya. Ulipokula yale maini ya Pasaka ulimsingizia paka, na paka alikuwa ameshakufa. Nakushukuru kwa kunihurumia. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, si wa kupewa pole, kwa hiyo nitausema ukweli. Ningekuachia saini yangu Novemba, Evelyn angekuwa Uru leo. Sikukuachia kwa sababu niliuamini mstari kuliko ndugu yangu. Mstari hauoni stoo. Wewe uliona, ukaniambia mara mbili, nami nikakutania.

Nilimwendea Mama Mkuu kumwomba Evelyn apokewe hapa, hata afagie ua. Alinishika mikono, akasema huku ndani haingii mtu asiyeweza kuweka nadhiri kwa akili yake timamu. Nilijua jibu hilo kabla ya kuuliza.

Sina kitu kingine, Gaudens. Nimetafuta, sina.

Dada yako,
Jovitha


Kariakoo
12 Februari 2023

Dada,

Shikamoo.

Ni kweli. Mnunuzi alikuwepo hadi tarehe 15. Lucky alinipigia kila asubuhi, akaacha kunisalimia, akawa anauliza tu, "Imekuja?" Tarehe 9 nikapiga huko. Sista akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, kuna msiba?" Nikasema hapana.

Hilo tu. Ningesema ndiyo, angekwenda kukuita. Nimedanganya wateja miaka thelathini kwamba rangi haichuji, na siku hiyo moja mdomo wangu ukachagua ukweli. Naisikia sauti yake hadi leo nikiwa nafunga duka.

Nafasi ya Uru imechukuliwa na binti kutoka Rombo. Mama mlezi alilia kwenye simu, nikawa mimi ndiye ninayembembeleza.

Mashati hayana wa kuyafuata, angalau kwa sasa. Evelyn anashinda nami stoo, anayakunja. Anakunja vizuri kuliko vijana wangu, akimaliza robota anakunjua anaanza tena. Nilimwambia Baba alimwachia kiwanda cha mashati. Akauliza, "Yote haya ya kwangu?" Stella akatoka nje.

Wiki iliyopita alianguka ngazini, ghorofa ya pili. Ameshonwa nyusi. Mimi nilikuwa nyuma yake, na miguu yangu haikuwahi.

Kwaresima inaingia, kwa hiyo usinijibu. Pumzika.

Gaudens


Monasterini
7 Oktoba 2023

Mpendwa Gaudens,

Nimekaa kimya hata baada ya Pasaka. Nilianza barua nyingi. Stella ameniandikia kuhusu mguu wako na vile vidole viwili vilivyokatwa. Nimesoma pia kwamba Evelyn ndiye anayekuletea maji ya kuoshea kidonda, na kwamba hamwagi.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Sijaacha kupiga hesabu. Kila mwisho wa mwezi nimeandika 310, nimetoa ya zamani, nimegawanya kwa kumi. Siwezi kueleza kwa nini. Mikono inataka kumfanyia kitu. Mstari ulikuwa unashuka taratibu kuifuata ile bei iliyosimama, na mwisho wa Septemba umeifikia. Wastani 310, bei 310. Kwa kanuni yangu mimi, bei haiko tena chini ya mstari. Kwa kanuni yangu, tutulie.

Nilicheka peke yangu kanisani, kisha nikalia hadi wakanitoa.

Nimeichoma ile karatasi. Naogopa mwisho wa mwezi huu nitaanza nyingine.

Niandikie chochote kuhusu Evelyn. Chochote, hata alichokula.

Jovitha


Mchafukoge
20 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Mguu unapona kwa mwendo wake. Dukani anasimama Stella.

Evelyn leo amekula wali maharage, akabakisha maharage. Barua yako nilimsomea, ile sehemu ya maji. Alifurahi kwamba unajua hamwagi. Kisha akanisikia nikijisomea ile 310 kwa sauti ya chini, akauliza kama ndiyo namba ya basi la Moshi.

Nilitaka kumweleza. Nilifungua mdomo kabisa. Mwaka mzima tumekuwa tukimwambia "bado," na kila "bado" anaihesabu kwa uso wake, nami sina mguu wa kumbeba ngazini wala fedha ya kumpeleka popote. Akauliza tena, polepole, kama yule Sista wa mlangoni, "Kaka, kesho tunaenda?"

Nikasema ndiyo.

Nimejua kudanganya, Dada, ila nimechelewa. Ameoga mwenyewe, amevaa sketi ya kanisani, amelala nayo. Begi ameliweka mlangoni. Stella atalirudisha chumbani alfajiri, kabla hajaamka.

Mdogo wako,
Gaudens